Migomba Chotara ya Ngara na Biharamulo

Miaka ya 1860, kidudu kiitwacho filoksera kilivuka bahari kutoka Marekani kikaanza kunyonya mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Chotara za mizabibu zilistahimili, lakini mwaka 1934 serikali ya huko ilipiga marufuku sita kati ya hizo, ladha ya mvinyo wake ikiwa miongoni mwa lawama.

Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kinywaji hutoka mgombani. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi mtumbwini, juisi ikachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ikaachwa ichachuke. Huko nako chotara zililetwa na wadudu na maradhi.

Mgomba wa ndizi za kuliwa hauna mbegu. Huzaana kwa machipukizi, mtoto akiwa sawa na mama, hivyo ugonjwa ulioua mmoja huweza kumaliza shamba. Kwa kukosa mbegu huko, uzalishaji wa chotara, ulioanza Trinidad mwaka 1922, ulikwenda polepole mno. Taasisi ya FHIA ya Honduras ndiyo iliyotoa FHIA-17 na FHIA-23, wazao wa mgomba wa Gros Michel wenye mikungu mizito, wanaostahimili ugonjwa wa sigatoka nyeusi.

Mashamba ya Kagera yalikuwa yamechoka kwa fukusi, minyoo ya mizizi na udongo uliokwisha rutuba. Kati ya 1997 na 2002, mradi wa KCDP, kwa fedha za Ubelgiji, ulileta miche, chotara hizo zikiwamo, kutoka hazina ya migomba ya Leuven, huko huko Ubelgiji, ukasambaza machipukizi yapata milioni 2.5 mkoani, Ngara na Biharamulo zikiwamo.

Kwangu mimi, mtungi una ukarimu zaidi kwa chotara kuliko sahani. Ndizi ya kupika hupimwa kwa ladha ambayo mlaji ameijua tangu utotoni. Ya pombe hudaiwa juisi nyingi na tamu. Wapika pombe wanastahili kusikilizwa na watafiti tangu mche ukiwa kitaluni. Chotara mpya za TARIBAN, zilizoidhinishwa mwaka 2021, zimezaliwa na ndizi za nyanda zetu za juu, ili ladha ya nyumbani isipotee.

Lakini mnyauko bakteria, uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, hauziogopi chotara. Wadudu huubeba kutoka ua dume hadi ua dume, na panga huueneza zaidi. Mkulima bado hulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, huchoma panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na mgomba ulioambukizwa huung'oa.