Nchi ya Mbilikimo: Jiografia ya Kubuni na Watu Wake katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuzisoma nchi za kubuni kama mafumbo. Mhakiki akikutana na Kusadikika huuliza mara moja ni serikali gani inayosemwa, na akishapata jibu huiacha nchi yenyewe. Mipaka, misitu na wakazi wake huhesabiwa kuwa pambo. Makala haya yanashika njia nyingine. Tunakusudia kuonyesha kwamba jiografia ya kubuni katika Kiswahili ina historia yake, kwamba historia hiyo ilianza kabla ya riwaya, katika masimulizi ya misafara, na kwamba kila nchi ya namna hiyo yafaa iulizwe swali moja: je, watu waliowekwa humo wanapewa nafasi ya kusema? Swali hili lina uzito wa pekee kwa msomaji aliyeko Machakos, kwa sababu Ukambani nao ulikuwa sehemu ya bara iliyosimuliwa na wengine.

Neno na nchi yake

Kamusi ya Kiswahili ya J. L. Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, inalifafanua neno mbilikimo kuwa linatokana na mbili na kimo. Watu hao walisemekana kuwa na urefu wa mara mbili ya kipimo cha kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kiwiko. Nchi yao iliwekwa mwendo wa siku nne magharibi ya Uchaga. Walikuwa na ndevu nyingi, na walichukua kigoda kidogo kilichoshikamana na makalio yao popote waendapo. Aidha, Waswahili walisemekana kudai kwamba elimu yao ya uganga ilitoka kwa watu hao.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, jina lenyewe ni kipimo. Wayunani wa kale nao waliwaita watu wafupi wa masimulizi yao kwa neno lililotokana na urefu wa kutoka kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole. Mtu anayeitwa kwa kipimo amekwisha kutazamwa na kupimwa kabla hajaulizwa jina lake. Pili, masafa yametajwa kwa uhakika: siku nne, magharibi, kutoka mahali panapojulikana. Hii ni mbinu ya msimulizi mzoefu, ambaye hulifunga jambo lisiloonekana kwenye jambo linaloonekana ili aaminike. Anayeifahamu sehemu hiyo anajua kwamba magharibi ya Uchaga ni nchi ya Wamaasai na majirani zao. Tatu, sifa za watu hao zinapingana. Miili yao inachekwa, lakini dawa zao zinatafutwa. Msimulizi anakiri deni la elimu kwa watu anaowafanyia mzaha.

Kutoka masimulizi hadi ramani

Haifai kuyachukua masimulizi haya kuwa ndoto tupu. Yalisafiri pamoja na pembe za ndovu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wafanyabiashara Wakamba walikuwa na nguvu kubwa katika njia za kutoka bara hadi Mombasa, na habari nyingi za bara zilizofika pwani zilipitia vinywani mwao. Yamkini mwenye njia hakuwa na haraka ya kuifanya njia yake ionekane rahisi kwa washindani. Nchi ya ajabu na ya kutisha ilikuwa pia ulinzi wa biashara.

Krapf alifika Ukambani mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, na tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona Mlima Kenya akiwa huko Kitui. Alirudi mwaka 1851. Safari hiyo Kivoi aliuawa njiani karibu na mto Tana, naye Krapf akanusurika kwa shida. Huko London, Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alizikataa habari za milima yenye theluji zilizoletwa na Rebmann na Krapf. Kwa upande mwingine, ramani ya Erhardt na Rebmann ya miaka ya 1850, iliyotegemea sana maneno ya watu wa misafara, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Theluji, iliyokuwa kweli, ikakanushwa; ziwa moja, ambalo halikuwako kwa umbo hilo, likaenea na kujadiliwa. Hivyo basi, katika zama hizo mpaka kati ya nchi halisi na nchi ya kubuni haukuwekwa na wakazi wa nchi zenyewe.

Misafara ya Zanzibar, ikiwemo ya Tippu Tip, ilipofika katika misitu ya Kongo, jina la mbilikimo lilipata mahali papya. Kati ya 1887 na 1889 H. M. Stanley alipita msitu wa Ituri akiwa na wapagazi walioajiriwa Zanzibar, na kitabu chake cha 1890 kikausambaza msitu huo Ulaya kama makao ya giza. Ituri ilikuwa na watu halisi, wawindaji na warina asali, wenye majina yao wenyewe, kama vile Waefe na Waasua, na wenye mabadilishano ya muda mrefu na wakulima wa jirani. Watu hao wakavishwa jina lililokuwa tayari limeshonewa watu wa kubuni. Hadi leo neno hilo hutumiwa kumdharau mtu mfupi, na mwalimu anayelitumia darasani kama jina la kabila hana budi kujua anatumia kitu gani.

Nchi za riwaya

Shaaban Robert aliirithi desturi hii ya masimulizi, akaigeuza. Katika Kusadikika (1951) nchi iko angani na mipaka yake inatajwa kwa pepo. Kila mara ninapowataka wanafunzi wangu waichore nchi hiyo, waliokulia pwani huanza kuchora papo hapo, nao wenzao wa Mwala na Kangundo huuliza kwanza pepo hizo huvuma kutoka wapi. Ni jiografia ya baharia. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, wanarudi na habari za mambo mema waliyoyaona ugenini, na wanafungwa. Hapa ndipo mageuzi yalipo, kwa kuwa nchi ya mbali si tena makao ya viroja bali ni shule. Hata hivyo, wakazi wa nchi hizo sita tunawajua kwa taarifa za wajumbe tu. Hatari anayoijali mwandishi ni ile inayompata mleta habari. Mwenye nchi iliyoletewa habari hayumo barazani.

Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), alikwenda mbali zaidi. Msafiri wake anapita katika mandhari yasiyopimika, wala hadai kuijua nchi anayopitia. Siku nne magharibi hazina maana tena huko. Wahakiki wengi wamelieleza jambo hili kwa falsafa, na hawakukosea. Tunaongeza kwamba lina historia pia: ni kumnyang'anya msimulizi wa msafara mamlaka yake.

Bara inapojisimulia

Fasihi simulizi ya Wakamba, ambayo John Mbiti alichapisha sehemu yake mwaka 1966, ina watu wake wa kubuni, yaani aimu. Hao hula watu, lakini pia huposa, huoa na huwa na makazi. Binti wa hadithi huweza kukaa nyumbani kwao, akazungumza nao na kuwashinda kwa akili. Nchi yao haihesabiwi kwa siku za safari kwa sababu huanzia pale mashamba yanapokoma. Huko Wakamba walikuita weu, nako kulikuwa mahali pa malisho, mizinga na mawindo ya wote. Yule anayeitia nchi hiyo viumbe vya ajabu ndiye huyo huyo anayechunga humo, kwa hiyo ajabu yake ina kadiri.

Jambo hili si la hadithi pekee. Katika miaka ya 1930 ripoti za maafisa wa kikoloni ziliieleza Machakos kama nchi inayogeuka jangwa kwa makosa ya wakazi wake. Kwa msingi wa maelezo hayo serikali ilianza kuchukua ng'ombe kwa nguvu mwaka 1938. Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwenda Nairobi kulalamika, na akahamishiwa Lamu kifungoni. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya Machakos tangu 1930 hadi 1990. Walionyesha kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua na miti ikaongezeka mashambani. Mmomonyoko wa miaka ya 1930 ulikuwako kweli. Kilichobuniwa ni mkazi wake, mtu asiyeweza kujifunza wala kuitunza ardhi yake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nchi ya mbilikimo, ramani ya ziwa moja, Kusadikika na ripoti ya jangwa ni kazi za ukoo mmoja, ingawa hazilingani kwa nia wala kwa thamani. Mhakiki wa riwaya za Kiswahili hatakosea akiendelea kutafuta fumbo. Lakini kabla ya kulifumbua aitazame nchi yenyewe: nani ameipima, amesimama wapi alipoipima, na mkazi wake amesema neno gani. Watafiti wachanga walioko bara wana nafasi njema ya kuifanya kazi hii, hasa kwa kuzikusanya simulizi za weu na aimu pamoja na majina ya mahali zilipotokea, wazee wanaozijua wangalipo.