Familia za Marekani na barabara za jangwani

SHULE zinapofungwa nchini Marekani kati ya mwisho wa Mei na mwezi wa Juni, familia nyingi hupakia mahema, masanduku ya barafu na watoto garini, zikaelekea kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Eneo hilo linajumuisha majimbo ya Arizona, New Mexico, Utah na Nevada pamoja na upande wa mashariki wa California, na sehemu yake kubwa ni jangwa. Ajabu ni kwamba likizo ndefu ya watoto huangukia miezi ile ile ambayo jangwa hilo huwaka moto kupita kiasi.

Safari hizi hazikuanza kama burudani. Barabara maarufu ya Route 66, iliyotoka Chicago hadi Santa Monica kwa umbali wa takriban kilomita 3,900, ilianzishwa mwaka wa 1926. Katika miaka ya 1930, ukame na vumbi vilipoangamiza mashamba ya Oklahoma na majimbo jirani, maelfu ya familia ziliifuata kwenda California kutafuta vibarua, magodoro yamefungwa juu ya magari. Masaibu hayo ndiyo msingi wa riwaya ya John Steinbeck, The Grapes of Wrath, iliyotoka mwaka wa 1939.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, ajira na likizo yenye malipo viliigeuza barabara hiyo kuwa njia ya matembezi. Magari mengi ya wakati huo hayakuwa na viyoyozi. Wasafiri walining'iniza mbele ya gari mfuko wa turubai uliojaa maji. Maji yalipenya kidogo kidogo na kukauka kwa upepo, na yaliyobaki ndani yakapoa. Hayo ndiyo yaliyonywewa, na ndiyo yaliyomiminwa kwenye rejeta injini ilipochemka. Wengi walingoja usiku ndipo walikate jangwa la Mojave.

Moteli zilichipuka njiani kama uyoga. Mjini Holbrook, Arizona, kuna moja iliyojengwa mwaka wa 1950 ambayo vyumba vyake ni vya saruji vyenye umbo la mahema ya Wahindi Wekundu. Watoto huyapenda mno, ingawa mahema ya aina hiyo yalikuwa ya makabila ya nyanda za kati. Wanavajo, ambao ndio wenyeji wa sehemu hizo, hujenga nyumba ya magogo na udongo iitwayo hogan.

Si kila familia iliyokaribishwa. Wamarekani weusi walifukuzwa katika moteli na mikahawa mingi, hivyo walibeba chakula chao na mara nyingine kulala garini na watoto. Mwaka wa 1936, Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza mahali ambapo wangepokewa. Kiliendelea kuchapishwa hadi miaka ya 1960, sheria ya haki za kiraia ya mwaka wa 1964 ilipoharamisha ubaguzi huo.

Sheria ya mwaka wa 1956 ilileta barabara kuu mpya zilizopita kando ya miji midogo, na mnamo 1985 Route 66 ikaondolewa rasmi katika orodha ya barabara za kitaifa. Kipande chake cha zamani kimo ndani ya Mbuga ya Petrified Forest, penye magogo ya kale yaliyogeuka mawe. Baadhi ya wageni ambao huiba vipande vya magogo hayo huvirudisha kwa posta, wakiandika barua za majuto. Kwa kuwa haijulikani vilitolewa wapi hasa, wahifadhi huvitupa katika rundo la kando.

Kivutio kikuu ni Grand Canyon, korongo lenye urefu wa kilomita 446 na kina kinachozidi kilomita moja na nusu. Hapo, kama katika mbuga nyingine, watoto hupewa vijitabu vya maswali, na wakivimaliza huapishwa na kuvishwa beji. Wengi huithamini beji hiyo kuliko korongo lenyewe.

Hata hivyo, jangwa halina mzaha. Katika Bonde la Mauti, yaani Death Valley, nyuzijoto 56.7 zilinakiliwa Julai 10, 1913. Jasho hukauka kabla mtu hajatambua kwamba anatoka jasho, ndiyo maana wahifadhi hushauri karibu lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku. Gari likiharibika, ni heri kubaki karibu nalo kuliko kutembea kutafuta msaada, kwani gari huonekana kwa urahisi zaidi na simu mara nyingi hazina mtandao. Na petroli? Katika Utah, kati ya miji ya Green River na Salina, kuna takriban kilomita 170 bila kituo hata kimoja cha mafuta.

Kuanzia Julai hadi Septemba huja mvua za ghafla. Mto mkavu unaweza kufurika chini ya anga safi kwa mvua iliyonyesha milimani mbali, na maji ya kina cha sentimita 30 yanatosha kusomba gari dogo. Tangu mwaka wa 1995, sheria ya Arizona humwezesha dereva aliyepita vizuizi na kukwama majini kutozwa gharama za kuokolewa. Dhoruba ya vumbi ikitanda, dereva hutakiwa kutoka barabarani kabisa, kuzima taa zote na kuondoa mguu kwenye breki, kwa sababu wanaokuja nyuma wanaweza kuzifuata taa hizo wakidhani ndiyo njia.

Kwa Wanavajo, barabara hizo ni maisha ya kila siku. Ardhi yao ina ukubwa wa takriban kilomita 71,000 mraba, nayo husogeza saa mbele wakati wa kiangazi ilhali sehemu nyingine za Arizona hazifanyi hivyo. Watalii wengi wamechelewa kwa ajili hiyo. Karibu thuluthi ya nyumba zao hazina maji ya mfereji, hivyo familia husafiri kwa pikapu zenye matangi kwenda kuteka. Mnamo 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mkataba wa mwaka wa 1868 hauilazimu serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji hayo.