Magugu Vamizi ya Ziwa Naivasha

Ziwa Naivasha, Kenya, lilivamiwa na gugu la majini liitwalo salvinia miaka ya 1960, kisha gugumaji mwaka 1988, yote kutoka Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1990, fukusi, wadudu wanaokula salvinia pekee, waliachiliwa ziwani na wakaidhoofisha mno; gugumaji likatwaa nafasi. Ndiyo hatari ya kupambana na gugu moja tu. Salvinia haitoi mbegu, ilhali mbegu za gugumaji hukaa topeni miaka mingi. Fukusi wa gugumaji hukwangua majani na mabuu wake hutoboa mashina, lakini mmea huchipua upesi penye rutuba. Hivyo kung'oa na kuachilia wadudu hakutoshi bila kupunguza mbolea na majitaka yanayoingia ziwani.