Kwa nini kuku huwashambulia vifaranga wanaoanguliwa?

Kuku huatamia mayai kwa siku 21, akikonda siku hadi siku kwa kuwa huondoka kiotani kwa muda mfupi tu kula na kunywa. Siku ya mwisho ikiwadia, kuku huyo huyo anaweza kumdonoa hadi kumuua kifaranga wa kwanza anayejitokeza chini ya mbawa zake. Jijini Kampala, ambako kaya nyingi hufuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, wapo wanaomchinja kuku wa namna hiyo kwa kumhesabu kuwa mama mbaya. Mara nyingi huwa ameonewa.

Kuatamia na kulea ni hali mbili tofauti katika mwili wa kuku. Homoni ya prolaktini ndiyo humfunga kiotani na kumwachisha kutaga. Siku moja au mbili kabla ya kuanguliwa, kifaranga hutoboa utando wa chumba cha hewa ndani ya yai na kuanza kulia, naye mama humjibu kwa mlio wa chini. Sauti hiyo, pamoja na mguso wa vifaranga baada ya kutoka, ndiyo humgeuza mwatamiaji kuwa mlezi. Nguvu ya sauti hiyo ilidhihirika mwaka 1960, pale Wolfgang Schleidt na wenzake walipochunguza bata mzinga jike waliofanywa viziwi: waliatamia kama kawaida, lakini wakawaua watoto wao wenyewe. Mama asiyesikia mlio huona kiotani kitu kinachotambaa, naye hukilinda kiota chake.

Kwa hiyo ukatili huu, katika hali nyingi, ni kosa la utambuzi. Kuku anayeangua kwa mara ya kwanza hukosea zaidi kuliko mzoefu, na kifaranga dhaifu asiyelia yumo hatarini kuliko wenzake.

Hata hivyo, mazingira ya mjini huchangia sana. Ua ni finyu, na si ajabu kukuta kuku watatu wakigawana kibanda kimoja. Kuku wengine huingia kutaga katika kiota cha anayeatamia, hivyo mayai huanguliwa kwa siku tofauti. Waliotangulia wakishatoka na mama akazizoea sura na sauti zao, kifaranga wa jirani, hasa mwenye rangi tofauti, huwa mgeni wa kufukuzwa. Juu ya hayo, mwewe wa Kampala hawakosekani angani, na kuku aliyetishwa huwa mwepesi wa kudonoa chochote kinachosogea karibu naye.

Hatari nyingine huletwa na soko. Kuroiler, kuku chotara mwenye asili ya India anayependwa na wafugaji wa Uganda, kwa kawaida haatamii; vifaranga wake hutoka kwenye mashine ya kutotolesha. Mfugaji asiye na umeme wa uhakika huwanunua na kuwapachika chini ya kuku wa kienyeji. Hila hiyo hufaulu ikiwa kuku ameatamia kwa takriban majuma matatu, vifaranga ni wa siku moja au mbili, na wanaingizwa usiku, gizani, mmoja mmoja, huku mayai yakiondolewa. Mchana kweupe, kwa kuku aliyeatamia siku chache tu, ni kuwapeleka mautini.

Si kila donoo ni shambulio. Mama humgonga kifaranga mara moja, kumsogeza au kumkanya, kisha humwacha. Akirudia kumlenga kichwani, akamfuata anapokimbia, au damu ikionekana, aondolewe papo hapo, kwa maana damu huwavuta kuku kuendelea kudonoa.

Kinga ni rahisi kuliko tiba: kuku atengwe peke yake usiku, kabla hajaingia juma la mwisho, mayai yake yatiwe alama ya penseli, na yote yasiyo na alama yaondolewe kila siku. Wakati wa kuangua, watoto na majirani wasimfunuefunue.

Kifaranga aliyeokolewa huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika juma la kwanza, nalo hupunguzwa kidogo kidogo. Kiini cha yai alichobaki nacho tumboni humtosha kwa siku mbili hivi, lakini maji apewe mapema. Jiko la mkaa, maarufu Kampala kwa jina la sigiri, hutumika sana kwa kazi hii; katika chumba kisichopitisha hewa moshi wake usioonekana huua vifaranga, na hata mwenye nyumba.

Kuku aliyeharibu uzao wa kwanza anastahili kupewa nafasi ya pili, akiwa ametengwa vyema. Akirudia tena, mayai yake yawekwe chini ya kuku mwingine, naye aachwe aendelee kutaga.