Ubongo wa mtoto hupogolewa ili ukomae

MKULIMA wa maembe wa Kitui au Makueni aijuaye kazi yake hauachi mwembe uchipue utakavyo. Baada ya mavuno huyakata matawi yaliyosongamana, ili jua lipenye na nguvu za mti ziyaendee matawi yatakayozaa. Asiyeifahamu kazi hiyo hudhani kuwa mti unaharibiwa.

Ubongo wa binadamu nao hupogolewa kwa namna inayofanana na hiyo, tangu utotoni hadi ujanani. Wataalamu huuhesabu upungufu huo kuwa hatua ya lazima katika kukomaa kwake.

Ubongo wa mtu mzima una takribani seli za neva bilioni 86. Seli hizo hupashana habari kupitia maungio madogo mno yaitwayo sinapsi. Seli zilizo nyingi huwa zimekwisha kuundwa mtoto anapozaliwa, lakini maungio huongezeka kwa kasi baada ya hapo, hata yakapita kiasi kitakachohitajika ukubwani.

Mnamo 1979, Peter Huttenlocher, daktari wa neva za watoto katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alichapisha matokeo ya kuhesabu sinapsi katika ubongo wa marehemu wa umri mbalimbali. Alibaini kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo, mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ana msongamano wa sinapsi unaomzidi mtu mzima kwa karibu nusu. Baadaye idadi hiyo hupungua hadi umri wa miaka 16 hivi.

Aidha, sehemu zote za ubongo hazipogolewi kwa wakati mmoja. Ile ya kuona hufikia kilele cha maungio mtoto akiwa na umri wa miezi minane hivi. Ile ya mbele, inayohusika na kupanga mambo na kujizuia, huendelea kupunguza maungio hadi ujanani.

Ni maungio yapi basi yanayoondolewa? Kwa kiasi kikubwa, matumizi ndiyo huamua. Yale yatumikayo mara kwa mara huimarika, na yasiyotumika hudhoofika. Baadhi ya yaliyodhoofika humezwa na mikroglia, ambazo ni seli za kinga za ubongo.

Ushahidi wa nguvu ya matumizi ulitolewa na David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Walionyesha kwamba paka mchanga akifungwa jicho moja katika wiki zake za mwanzo, ubongo hushindwa kulitumia jicho hilo hata baada ya kufunguliwa, ingawa jicho lenyewe ni zima.

Kwa sababu hiyo, mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho hapaswi kungojeshwa. Akichelewa, upasuaji waweza kufaulu na bado asione vyema. Mzazi akiona weupe katika mboni ya mtoto, na amfikishe hospitalini mara moja.

Lugha nayo ina somo lake. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walieleza kuwa watoto wa miezi sita hadi minane waliolelewa kwa Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi, uwezo uliokuwa umefifia sana walipokaribia mwaka mmoja. Mtoto wa Kitui alelewaye kwa Kikamba husikia irabu saba, pamoja na toni zinazotofautisha maneno. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni za aina hiyo. Basi kumsemesha mtoto asiyeweza kujibu si kupoteza maneno. Ubongo wake unachagua sauti za kushika.

Hata hivyo, kuchagua huhitaji kwanza kuwe na maungio ya kutosha, nayo hujengwa kwa chakula. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takribani watoto 46 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kitui walikuwa wamedumaa, ilhali kiwango cha Kenya nzima kilikuwa 26. Lishe duni inayodumaza mwili huweza pia kuzuia ukuaji wa ubongo.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea. Lakini mtoto huingia darasani akiwa na miaka minne hivi, wakati ambapo kazi kubwa ya sehemu za kuona na kusikia imekwisha kufanyika. Walimu wake wa kwanza ni mama, baba na nyanya walio nyumbani.

Hata hivyo, mlango haufungwi hapo. Maadamu sehemu ya mbele ya ubongo ingali ikipogolewa, kijana naye angali anajengeka kwa yale anayoyafanya kila siku.