Jimu Ndani ya Geti la Kiwanda

Mwaka 1894 shehena kubwa ya rejista za fedha, zile mashine za dukani zinazolia kengele droo ikifunguka, ilirudishwa Dayton, Ohio, kutoka Uingereza. Zilikuwa mbovu. John H. Patterson, mkuu wa kampuni ya National Cash Register, alihamisha meza yake na kuiweka katikati ya kiwanda ili ajionee kinachoharibika. Alikuta giza, uchafu na wafanyakazi wasiokuwa na sababu yoyote ya kujali kama mashine inafanya kazi au haifanyi.

Patterson hakuwa mtu wa kuchukua hatua ndogo. Kuta ziligeuzwa madirisha, mabafu yakajengwa, chakula cha moto kikaanza kuandaliwa. Asubuhi na alasiri kazi ilisimama kidogo ili watu wanyooshe viungo, na mwaka 1904 wafanyakazi wakapata ukumbi wao wa mazoezi. Wanaoandika historia ya jimu za kazini wengi huanzia hapo Dayton. Mara nyingi, hata hivyo, wanauruka mwaka 1901, ambapo kampuni hiyohiyo iligombana na vyama vya wafanyakazi hadi ikafunga milango na kuwaacha watu zaidi ya 2,000 nje. Mabafu hayakuzuia ugomvi.

Ng'ambo ya pili ya Atlantiki, familia ya Cadbury ilikuwa na mpango mpana zaidi. Richard na George Cadbury walikuwa waumini wa dhehebu la Marafiki, lilelile lililokuja kupiga kambi Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1879 walihamisha kiwanda chao cha chokoleti kutoka katikati ya Birmingham hadi mashambani, mahali walipopaita Bournville. Uwanja wa michezo wa wanaume ulipatikana mwaka 1896. Muda mfupi baada ya karne mpya kuanza, likajengwa bwawa la kuogelea la wasichana, jengo la fahari ambalo mpita njia angeweza kulidhania kanisa. Wanaume na wanawake walitengewa viwanja tofauti.

Cha ajabu zaidi kilikuwa kwenye ratiba. Vijana wa chini ya miaka 18 walitakiwa kufanya mazoezi ya viungo ndani ya saa za kazi, kwa malipo, na hawakuwa na hiari ya kukataa. Edward Cadbury aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1912, na hakuficha kwamba ukarimu na uzalishaji, kwake, ni mambo yanayokwenda pamoja. Binti alijifunza kuogelea, akanyoosha mgongo uliopindishwa na kufungasha chokoleti, kisha siku alipoolewa akatakiwa kuacha kazi. Na wakati wasichana wa Birmingham wakiogelea, sehemu ya kakao ya kiwanda ilitoka São Tomé, ambako wafanyakazi waliochukuliwa Angola walilimishwa katika hali ya utumwa. Kampuni iliacha kununua kakao hiyo mwaka 1909, baada ya miaka ya kuchunguza na kusitasita.

Bima ndiyo iliyokuja kubadili hesabu. Katika miaka ya 1920 kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan Life ilirusha mazoezi ya asubuhi redioni Marekani. Mteja akiishi miaka mingi zaidi, kampuni inachelewa kulipa. Maofisa wa posta ya Japani, iliyokuwa nayo ikiuza bima, walilipenda wazo hilo. Novemba 1, 1928 wakaanzisha rajio taiso, mazoezi ya redio ambayo hadi leo yanafanyika kwenye viwanda na maeneo ya ujenzi nchini humo kabla ya kazi kuanza. Hayahitaji vyuma wala bafu. Kwa mwajiri, hakuna jimu ya bei nafuu kuliko hiyo.

Ushahidi wa kitabibu ulifuata mwaka 1953, kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva, waliokaa zamu nzima, na makondakta, waliopanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Maradhi ya moyo yaliwaandama zaidi madereva.

Hapo kampuni za Marekani, zilizokuwa zikiwalipia wafanyakazi matibabu, zikashtuka. Kwanza zilijenga jimu kwa ajili ya mameneja, maana kifo cha mkurugenzi kilikuwa hasara inayoonekana. Mwaka 1979 Johnson & Johnson ilianzisha mpango uliowalenga wafanyakazi wote, na baadaye zikazuka kampuni ambazo kazi yake ni kuendesha jimu za waajiri wengine: kupima shinikizo la damu, kupanga zamu za wakufunzi, kuhesabu taulo. Mambo hayo madogo ndiyo huamua. Mtu mwenye saa moja ya chakula cha mchana akipanga foleni ya bafu dakika 15, kesho harudi.

Badala ya jimu, waajiri wengi wa Afrika Mashariki walichagua mpira. Timu za Bandari ya Mombasa, Tusker ya Nairobi, Mtibwa Sugar na Kagera Sugar zote zimezaliwa kazini. Wachezaji 11 hutoka jasho; wenzao hutoa sauti.

Lakini je, mipango ya afya kazini huleta faida? Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwagawa kwa bahati nasibu wafanyakazi wake karibu 5,000, baadhi wakaingizwa kwenye mpango wa afya na wengine wakaachwa nje. Mwaka ulipokwisha, waliopewa nafasi hawakuwa wameenda jimu zaidi ya wenzao, wala gharama zao za matibabu hazikuwa zimepungua. Waliojitokeza kushiriki walikuwa tayari na afya nzuri kabla mpango haujaanza. Watafiti wakaona kwamba huenda faida ya mwajiri iko hapohapo: mpango wa namna hiyo huwavuta na kuwabakiza kazini watu ambao hawaugui sana.