Kipi Kiundwe, Kipi Kinunuliwe: Uamuzi wa Kihandisi katika Magari ya Vyuo Vikuu vya Nairobi na Makerere, 1986–2016

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha miradi miwili ya magari iliyoanzia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Yanadai kwamba kilichoitofautisha si ukubwa wa ndoto, bali sehemu ya gari ambamo kila mradi uliamua kuiweka ndoto hiyo.

Utangulizi

Katika Formula SAE, mashindano yaliyoanza Marekani mwaka 1981, wanafunzi wa uhandisi hubuni, huunda na kuendesha gari dogo la mbio. Kati ya alama 1,000, usanifu na utetezi wake hupewa 150, ilhali mbio za ustahimilivu za kilomita 22 hivi hupewa 275. Timu yenye chombo cha ajabu kinachokwama njiani hupoteza fungu kubwa kuliko yote. Kila sehemu ambayo timu inaamua kuiunda yenyewe hudai muda, fedha na majaribio, na sehemu hizo zikizidi, hakuna hata moja inayojaribiwa vya kutosha. Afrika Mashariki imelikabili suala hilo kwa kiwango cha taifa.

Nairobi: gari la nyumbani

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekosa sura na mwendo. Kauli hiyo ililegeza masharti yote isipokuwa moja: gari liwe la nyumbani. Magari matano ya mfano yaliundwa kwa ushirikiano wa taasisi za umma, likiwamo Shirika la Reli. Yalizinduliwa Kasarani tarehe 27 Februari 1990, na yalifikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Kwa wahandisi, hayo hayakuwa mafanikio madogo.

Tatizo lilikuwa hatua iliyofuata. Gari la mfano huhitaji kipuri kimoja kilichosawazishwa kwa subira ya fundi. Kiwanda huhitaji maelfu ya vipuri vinavyolingana. Shirika la Nyayo Motor lililoundwa kwa uzalishaji halikupata fedha za kuifikia hatua hiyo. Hata hivyo, mradi haukupotea wote. Shirika hilo baadaye liligeuka kuwa Numerical Machining Complex, linalotengeneza vipuri vya chuma kwa viwanda vya nchini. Kilichosalia ni kile kilichokuwa na mnunuzi.

Makerere: kuchagua pa kuanzia

Makerere ilianza kwa kujifunza ndani ya timu ya wengine. Wanafunzi na wahadhiri wake walishiriki katika Vision 200, gari la abiria watano lililobuniwa na muungano wa wanafunzi wa nchi mbalimbali chini ya uratibu wa wanafunzi wa MIT, na kuonyeshwa Turin mwaka 2008. Ndipo likafuata Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, lililozinduliwa na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Novemba 2011.

Fremu ya chuma na bodi ya faiba ziliundwa Kampala, kwa kuwa karakana ndogo iliziweza. Mota ya umeme na vioo, ambavyo ni ghali kuviunda kwa idadi ndogo, vilinunuliwa. Umeme wenyewe ulikuwa uamuzi wa kijasiri: uliiepusha timu na injini, uwanja ambao wengine walikuwa wametangulia kwa karne nzima. Gharama yake ilikuwa safari fupi, takriban kilomita 80 kwa chaji moja. Mwaka 2014 timu ilijibu kwa gari mseto la petroli na umeme, na mwaka 2016 kwa basi la Kayoola lenye viti 35 na paneli za jua. Basi la mjini hupita njia inayojulikana, kwa hiyo masafa mafupi si kikwazo kikubwa kwake.

Mjadala

Upo upinzani wa haki: anayenunua mota na betri hununua sehemu yenye thamani kubwa zaidi. Hoja hiyo inaonekana wazi kutoka Mununga, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ya betri nyingi za lithiamu. Aprili 2022 Zambia na Kongo zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika mnyororo wa thamani wa betri. Swali la timu ya wanafunzi limerudi likiwa kubwa zaidi: mataifa haya yaanzie wapi, kwenye gari zima, kwenye betri, au kwenye kusafisha madini yanayoingia ndani yake?

Hitimisho

Mtaka yote hukosa yote, lakini mtaka kidogo mno hubaki mnunuzi. Watunga sera wanaofadhili miradi ya vyuo vikuu wadai mambo matatu kabla ya uzinduzi: orodha ya sehemu zitakazoundwa na sababu ya kila moja, jina la mnunuzi wa kila sehemu endapo gari zima litashindikana, na bajeti ya kurudia majaribio. Nairobi ilipata jibu la pili baada ya mradi kukwama. Ingelikuwa nafuu kulitafuta mwaka 1986.